Neno la Kuazima

Lubunga, 19 Mei 2024

Mdogo wangu Yunus,

Salamu kwanza. Hapa sote wazima, isipokuwa yule aliyekufa. Unajua kwamba Mohamadi wangu alituacha Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, maana Shangazi Aziza alikupigia mwenyewe, nawe ukajibu kwamba uko kikaoni. Tumemzika vizuri bila wewe. Wali ulitosha, watu walivuka kutoka ng'ambo ya mto, hata wale waliokuwa wakimpita njiani bila kumsalimu walikuja kulia.

Usishangae kupata barua. Niko ndani, nakaa eda, na shangazi unamjua: siku ya kwanza alikusanya hereni zangu, wanja na manukato, akatia na simu humo humo sandukuni, akasema simu nayo ni pambo. Kwa hiyo naandika kwa mkono. Jirani yangu Larissa, mwenye kibanda cha fotokopi, anapiga picha karatasi na kukutumia, na majibu yako atanichapia. Barua inafika siku ile ile. Ukichelewa, umechelewa wewe.

Sasa jambo lenyewe, nalo ni msitu wa Yanonge. Mohamadi aliniachia mimi, mbele ya Kapita Benoît, mkuu wa kijiji, kwa sauti, watu wakisikia. Lakini wiki haijaisha shemeji yangu Moussa alikuwa ameshafika kule na washona magunia. Anataka kukata yote achome makala, makaa ya kuuza. Anasema mjane hana sauti, na kwa sasa anasema kweli.

Unakumbuka desturi ya nyumba yetu, au Ulaya imekufuta? Mjane akiwa ndani hana mdomo wa nje. Ndugu yake wa tumbo moja anasema badala yake. Neno hilo ni la kuazima tu: siku mjane anapooga na kutoka linarudi kwake, naye analithibitisha au analivunja. Kapita ni Mkatoliki, lakini analijua kuliko wewe, na analiheshimu. Donc nakuomba neno moja tu. Mpigie kapita umwambie: msitu usiguswe, ni wa Zaina, akitoka ataingia kuokota mbinzo zake, viwavi wa kula na kuuza, kama kila mwaka. Basi. Sina shamba lingine, sina mume, sina mtoto. Huo msitu ndio ninaokula.

Dada yako,
Zaina


Tromsø, Norwei, 11 Juni 2024

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Pole sana kwa msiba. Ningependa kuandika mapema, lakini tulikuwa uwandani na kazi haisubiri. Mohamadi alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Msalimu shangazi, mwambie koti alilonishonea wakati naondoka limenifaa hapa, ingawa wenzangu hulicheka.

Kwa vile umefungiwa ndani, nimeonelea nikuburudishe kidogo. Unajua kazi yetu ni kulinganisha mifumo ya ikolojia ya dunia, yaani namna udongo, maji, mimea na wanyama wa mahali fulani wanavyoishi kwa kutegemeana. Tumeanza na tundra. Yaya, fikiria nchi isiyo na mti hata mmoja. Chini ya udongo kuna barafu isiyoyeyuka, mizizi haina pa kwenda. Kuna mti wa jamii ya mierebi unaotambaa ardhini, haufiki urefu wa kidole chako, na huo ndio jitu la huko. Kuna kuvumwani, ukoga mkavu unaoota hata juu ya mawe, na paa wakubwa wa baridi wanaokula kuvumwani. Ukikanyaga, alama ya kiatu chako inabaki miaka. Nilisimama pale nikaona amani ambayo nyumbani sijawahi kuiona, kwa sababu nyumbani kila mahali pana mtu anayekata, anayepika, anayeita.

Kuhusu jambo lako, nimelisoma. Si jepesi kama unavyoliona. Nitalitafakari.

Wako,
Yunus


Lubunga, 20 Juni 2024

Mdogo wangu,

Tunashukuru kwa tundra. Shangazi ameniagiza nikuandikie jibu lake neno kwa neno: koti lile alimshonea Mohamadi, wewe ulilichukua kwenye kamba bila kuuliza. Mohamadi alimzuia asikudai. Hiyo ndiyo namna yake ya wema uliyoitaja.

Nyumbani hakuna jipya. Mvua inapasua barabara, mtoto wa Larissa ameota meno, mimi nahesabu nyufa za ukuta. Wanawake wanakuja kunisalimia, wanakaa mkekani, wanatazama vyombo vyangu kuona vipi vitauzwa.

Umesema utalitafakari. Sikukuomba fikra, Yunus. Fikra ninazo nyingi humu ndani, naweza kukugawia. Nilikuomba mdomo. Moussa ameshatia alama za panga kwenye lifaki kubwa, ile miti ya mbinzo, na Philomène, mwenzangu wa sokoni, amekwenda kuona, amerudi amenuna. Mwezi wa saba mbinzo zinaanza kushuka. Miti ikianguka leo, mwaka huu sili, na mwaka ujao sili, na mwaka wa kufa kwangu sili.

Unaiona amani mahali pasipo na mtu. Nakuombea upate nyingi.

Zaina


Swakopmund, Namibia, 14 Julai 2024

Yaya mpendwa,

Usinikasirikie. Nina habari itakayokufurahisha, lakini kwanza nikupe jangwa.

Hapa bahari na jangwa vinagusana, na mvua karibu hainyeshi. Wanyama wanakunywa ukungu. Kuna mdudu mweusi kama mende anayepanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, anainua makalio juu na kuinamisha kichwa, ukungu unamgandia mgongoni, tone linatelemka mpaka kinywani. Na kuna mmea wenye majani mawili tu maisha yake yote, yanapasuliwa na upepo yanakuwa kama matambara, nao unaishi zaidi ya miaka elfu. Nilifikiri juu yako nilipouona. Uchache nao ni njia ya kuishi.

Habari yenyewe: neno nimelipeleka. Nimezungumza na Kapita Benoît kama ndugu yako, mbele ya mashahidi. Msitu hautakatwa. Moussa ameamriwa aondoe magunia yake, na ameyaondoa. Lala usingizi.

Nina ombi moja dogo. Niandikie msitu huo ulivyo, wewe uliyeingia humo miaka yote. Miti gani, ndege gani, mbinzo zinakuja vipi, mnaokota vipi. Andika yote. Mimi nilipokuwa nasoma Yangambi nilipita pale mara chache, na kichwa changu kilikuwa vitabuni.

Ndugu yako,
Yunus


Lubunga, 28 Julai 2024

Yunus wangu, mtoto wa mama yangu,

Mungu akuweke. Niliposoma barua yako nilitupa karatasi nikalia mpaka shangazi akadhani kuna maiti mwingine. Yote niliyoyasema kwa ukali, yafute. Nilikuwa mbaya kwa sababu ya woga. Larissa naye amelia, ingawa yeye hulia hata kwa harusi za watu asiowajua.

Umeuliza msitu ulivyo. Nitakuambia, maana humu ndani ndimo ninamotembea kila siku kichwani. Unapoingia kutoka mtoni unapita kwanza vichaka vya mashamba ya zamani, jua kali, miba, halafu ghafla unahisi baridi shingoni na huoni tena kivuli chako. Hapo ndipo lifaki zinapoanza. Shina moja tulikuwa tunalizunguka mimi na Mohamadi, mikono yetu haikukutana. Mbinzo zinakula majani huko juu kabisa, huzioni, lakini ukisimama kimya unasikia mavi yao yakidondoka kwenye majani makavu chini, kama mvua ndogo. Hapo unajua wiki imefika. Zikinenepa zinashuka zenyewe kwenye shina, nasi tunaziokota. Zile zinazobaki juu haziguswi, hata ziwe nono vipi, maana hizo ndizo vipepeo vya mwaka ujao. Mohamadi alimfukuza binamu yake kwa sababu alikata tawi. Chini yake kuna fumbwa, mboga inayopanda juu ya miti, tunachuma majani tunaacha mzizi. Uyoga unatoka kwenye magogo yaliyoanguka yenyewe. Hondohondo anakuja kula matunda, mabawa yake yana kelele kama mtu anayepangusa ubao, naye ndiye anayepanda mbegu, maana anakula hapa ananya kule. Nguruwe wa mwitu anachimba, na mahali alipochimba ndipo chipukizi zinapotoka. Na sisi tukipita tunafyeka njia, jua linaingia kidogo, fumbwa inapenda. Kila mmoja anafanya kazi ya mwenzake bila kujua. Si ndiyo hiyo ikolojia yako?

Sasa kitu kimoja. Philomène amekwenda juzi kuniokotea mbinzo za kwanza, kama tulivyokubaliana. Amekuta kamba nyekundu imefungwa mti kwa mti, akarudishwa. Amesema si Moussa. Nani ameweka kamba?

Zaina


Ulaanbaatar, Mongolia, 25 Agosti 2024

Yaya,

Samahani kwa ukimya. Hapa kwenye nyika hakuna mtandao, nilisoma barua yako baada ya wiki nyingi, na nimeisoma mara nyingi. Imeandikwa vizuri. Mkurugenzi wetu aliposikia tafsiri yake aliomba nakala.

Nyika ni bahari ya majani. Juu unaona kidogo, chini mizizi imeshikana kwa kina kuliko urefu wa mtu. Hapa wafugaji wanahama na mifugo yao, wanaacha malisho yapumzike, wanarudi. Bila wanyama wao majani yangezeeka na kufa, na bila wafugaji wanyama wangemaliza kila kitu. Tumewaandika wafugaji ndani ya mfumo, kama sehemu yake.

Kuhusu kamba. Yaya, soma kwa utulivu. Kazi yetu ilihitaji kiwanja kimoja cha msitu wa mvua ambao haujakatwa, na misitu ya namna hiyo karibu na mto imebaki michache. Nilipomwambia kapita msitu usikatwe, nilimwambia pia kwamba utapumzishwa. Miaka thelathini. Hakuna kukata, hakuna kuokota, hakuna kuingia, ili tuone msitu unafanya nini ukiachwa peke yake. Uliomba usiguswe. Hautaguswa. Ungekuwa mtu mwingine angenishukuru, maana Moussa angekuachia majivu. Kwangu mimi pia ina maana, sitakuficha: nimeahidiwa nafasi ya kudumu.

Utapata kazi nyingine. Wewe ni hodari.

Yunus


Lubunga, 15 Septemba 2024

Yunus,

Eda imekwisha. Jumatatu iliyopita shangazi aliniogesha alfajiri, nguo za msiba tukazitoa sadaka, nikavaa kitenge kipya. Simu nimerudishiwa. Nimeamua bado nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Asubuhi ile ile nilipanda mtumbwi wa mota mpaka Yanonge, na beseni langu na chumvi. Nilikuwa nimeshasoma barua yako, lakini miguu haijui kusoma. Kwenye kamba nilimkuta kijana anaitwa Lionel, mtoto wa seremala, amevaa shati lenye nembo yenu. Alinisalimia kwa adabu, hilo nitamwekea.

"Mama, pardon, kuingia iko interdit," akaniambia. "Hata mutu moja hapana kupita."

Nikamjibu mimi si mtu, mimi ndiye mwenyewe.

"Mwenyewe iko pa photo," akasema, akanionyesha kibao.

Nikakiona. Uso wako, umecheka, na kando yake maneno yangu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: zile zinazobaki juu haziguswi, hizo ndizo vipepeo vya mwaka ujao. Jina lako chini yake. Nilisimama hapo nikasikia mavi ya mbinzo yakidondoka ndani, upande wa pili wa kamba. Zilikuwa zimeshuka tayari, zinatambaa kwenye shina nilikoweza kuzifikia kwa mkono, na Lionel alisimama kati.

Wafugaji wa Mongolia umewaandika ndani. Mimi umeniandika nje, kwa wino uliouchota kwangu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilidhani wanasema chawa.

Nikaenda kwa kapita. Alinipa kiti, akaniambia, "Mama Zaina, ndugu yako alisema, nikaitika. Sasa uko inje. We mwenyewe unasema nini?" Nikamwomba anisubiri.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na sitauliza tena. Toa kamba. Pima miti yako, weka vifaa vyako, hesabu ndege wako, nitakuonyesha hata viota. Ila niache nipite, mimi na Philomène, kama nguruwe na hondohondo. Hilo tu.

Zaina


Paris, 17 Septemba 2024

Yaya,

Nakujibu mara moja, kama unavyoona.

Haiwezekani. Mkono mmoja ukiingia, mikono mia inafuata, na kazi yote inaharibika. Hulielewi hili na sikulaumu, hukusoma. Sote tungependa kupita mahali tulipozoea. Lakini niambie kweli: ule msitu unautunzia nani? Huna mtoto, yaya. Ukiondoka wewe, msitu utakwenda kwa Moussa vilevile. Mimi nautunzia dunia nzima.

Kuna jambo dogo la utaratibu. Kapita amenitumia ujumbe kwamba neno langu limekwisha tangu ulipooga, na sasa linahitajika lako. Nilisahau kabisa desturi hiyo, nilidhani ni mambo ya babu. Tafadhali nenda kesho umthibitishie, neno moja tu. Mkurugenzi na wageni wanakuja Yanonge Novemba, kila kitu kimeshatangazwa, na nafasi yangu imesimama juu ya hilo. Nijibu leo.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Yunus


Lubunga, 9 Novemba 2024

Mdogo wangu Yunus,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima kabisa. Shangazi anakohoa, lakini anakohoa tangu hujazaliwa. Mtoto wa Larissa anatembea. Philomène amemwoza binti yake Yangambi, tumecheza mpaka miguu ikavimba. Nimepokea barua yako ya Septemba, na nyingine saba, na simu ambazo sikuzipokea. Uliniomba neno moja Mei, samahani, mimi ndiye niliyekuomba. Nimeona nitafakari. Si jambo jepesi.

Nilikwenda kwa kapita, siyo kesho yake, bali baada ya wiki. Alikusanya watu kama siku ile Mohamadi aliponiachia. Nikasema neno la ndugu yangu nimelivunja. Kamba ikatolewa palepale, na Lionel mwenyewe ndiye aliyeifungua. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama sasa naingia kuokota. Hapo ningeweza kusema ndiyo, Yunus, na usiku huo wewe ungelala msitu ukiwa mzima, nami ningelala beseni langu likiwa limejaa. Nilikuwa nimekuja kusema ndiyo. Lakini barua yako ilikuwa kifuani mwangu, nikakumbuka swali lako.

Nikamwita Moussa. Nikamwambia leta watu wako.

Kapita akaniuliza mara mbili. "Mama, uko sûre? Muti hairudi." Nikasema niko sûre. Moussa mwenyewe aliogopa kunitazama.

Mashine zilinguruma mpaka Oktoba ikaisha. Wewe unapenda kujua mambo yanavyokwenda, basi nikuambie. Lifaki haianguki mara moja. Kwanza inatulia, kama mtu anayesikiliza, halafu inachukua na majirani zake. Ilipoanguka ile yetu, ile ya mikono isiyokutana, mbinzo za juu zilimwagika na matawi, zile zisizoguswa, na wanawake wa kijiji wakakimbilia na mabeseni. Nami nilichota. Nilizikaanga kwa chumvi na pilipili, nikala zote peke yangu, za mwaka huu na za mwaka ujao. Zilikuwa tamu. Nililia nikila, sitakudanganya, nililia kuliko nilivyomlilia Mohamadi, na mkono wangu haukuacha kupeleka mdomoni.

Hondohondo walizunguka juu siku chache, hawana pa kutua, halafu wakavuka mto. Sasa ukisimama kwa kapita unaona mpaka ng'ambo. Jua linapiga chini moja kwa moja, udongo umekuwa mweupe, mvua inaubeba mtoni. Uliniandikia juu ya nchi isiyo na mti hata mmoja na nchi ambapo mtu anaweza kufa kwa kiu. Sasa zote mbili ziko Yanonge. Mkurugenzi wako hana haja ya kusafiri mbali.

Kibao hawakukiteketeza, nilikataa. Kimesimama peke yake katikati ya visiki, na uso wako umecheka, na maneno yangu kando yake. Wageni wakifika watakiona tangu mtoni. Nimesikia wanafika keshokutwa, ndiyo maana nimekuandikia leo.

Ninauza makala sasa, hapa hapa kwenye kivuko. Ni makala mazuri, mazito, hayatoi moshi. Yakiisha sijui nitauza nini.

Uliniuliza namtunzia nani. Simtunzii mtu.

Dada yako wa tumbo moja,
Zaina